Mbaazi badala ya jodari: Namna ya kuandaa kijazo cha sandwichi kwa mazao ya Embu

MBAAZI zilizochemshwa zikaiva vizuri, zikapondwa nusu na kuchanganywa na rojo ya makadamia, maji ya limau na kitunguu, zinaweza kuchukua nafasi ya jodari wa mkebe ndani ya mkate. Mazao makuu ya kijazo hicho, yaani mbaazi na makadamia, hukuzwa na wakulima wa Kaunti ya Embu na kuuzwa katika masoko yake.

Wanaokitafuta chakula cha aina hii wana sababu mbalimbali. Wapo wasiokula nyama wala samaki kwa misingi ya dini, wakiwemo baadhi ya waumini wa Kanisa la Waadventista wa Sabato, ambalo lilianza kazi nchini Kenya mwaka 1906 huko Gendia. Wapo walioshauriwa na daktari kubadilisha mlo, na wapo ambao mkebe wa samaki umewashinda bei.

Hata hivyo, si kila mchanganyiko wa nafaka za jamii ya kunde unaofaa kuitwa kijazo cha sandwichi. Ukiandaliwa ovyo hulowesha mkate, hukosa ladha na, pale ambapo maharagwe hayakuiva au chakula kilikaa mno kwenye joto, humletea mlaji maradhi ya tumbo.

Asili ya sandwichi

Sandwichi ilipata jina kutoka kwa John Montagu, kabaila wa Kiingereza aliyekuwa na cheo cha Earl wa Sandwich katika karne ya 18. Desturi ya kula chakula kingine ndani ya mkate ni kongwe kuliko jina hilo, na ilikuwepo katika mataifa mengi kabla yake.

Kijazo cha jodari kilienea baada ya viwanda vya California, Marekani, kuanza kuwatia samaki hao mkebeni mwanzoni mwa karne ya 20. Jodari huchambuliwa, kisha huchanganywa na mayonezi, kitunguu na mboga yenye mkwaruzo mdomoni. Kutoka huko kilisambaa hadi kwenye hoteli na mikahawa ya dunia nzima, ikiwemo ya Kenya.

Afrika Mashariki haikuwa ngeni kwa wazo la kula kunde na mkate. Pwani ya Kenya na visiwani Zanzibar, mbaazi za nazi huliwa na mahamri asubuhi. Katika miji ya bara, chapati kwa maharagwe ni chakula cha kila siku. Tofauti ni kwamba vyakula hivyo huliwa na mchuzi, hali kijazo cha sandwichi sharti kiwe kikavu kiasi cha kushikana na kubebeka.

Kazi nne za kijazo

Kosa la wengi wanaoanza ni kujaribu kuiga sura ya samaki. Lililo muhimu zaidi ni kutambua kila kiungo cha asili kilifanya kazi gani, kisha kutafuta cha kuifanya kazi hiyo.

Kazi ya kwanza ni umbo. Nyama ya jodari huvunjika vipande vidogo vinavyotafunika. Mbaazi iliyoiva hufanya hivyo kwa sababu ndani ni ya unga, lakini ganda lake huizuia isigeuke uji.

Kazi ya pili ni mafuta yanayoshikanisha. Mayonezi ni matone madogo ya mafuta yaliyotawanywa ndani ya maji na siki, na kiini cha yai ndicho huyazuia matone hayo yasijitenge. Makadamia iliyosagwa laini pamoja na maji huleta rojo nzito inayokaribia hiyo, bila yai.

Kazi ya tatu ni uchachu, ambao hukata uzito wa mafuta. Maji ya limau au ndimu hutosha. Kazi ya nne ni mkwaruzo, ambao huletwa na kitunguu, pilipili mboga au karoti iliyokatwa vipande vidogo.

Penye upungufu wa mojawapo ya kazi hizo, mlaji huhisi kuna kitu kimekosekana hata asipoweza kukitaja. Mara nyingi huwa ni uchachu au chumvi, kwa kuwa mbaazi humeza ladha nyingi kuliko samaki.

Mazao ya Embu

Kaunti ya Embu huteremka kutoka miteremko ya Mlima Kenya hadi nyanda kavu za Mbeere. Juu, karibu na msitu, hustawi majani chai. Chini yake huja kahawa, maharagwe, makadamia na maparachichi, ambayo Wakenya wengi huyaita avokado. Katika Mbeere Kusini na Mbeere Kaskazini, ambako mvua ni haba, hulimwa ndengu, kunde, mtama na mbaazi.

Msomaji anayekwenda kununua azingatie majina. Katika Kiswahili njugu ni karanga, lakini katika lugha za wenyeji wa Mlima Kenya jina njugu, au ncugu kwa Wameru, humaanisha mbaazi. Anayetaka mbaazi kavu katika masoko ya Siakago, Ishiara au Kiritiri na aziangalie kwa macho kabla ya kulipa.

Mbaazi za kienyeji hupandwa mvua za Oktoba na kuvunwa kati ya mwaka unaofuata, mara nyingi zikiwa zimechanganywa na mahindi au mtama shambani. Mizizi yake huenda chini sana, jambo linaloiwezesha kustahimili kiangazi ambacho huua mahindi. Zilizovunwa karibuni huiva haraka kuliko zilizokaa ghalani mwaka mzima penye joto.

Makadamia asili yake ni Australia. Ililetwa Kenya mwaka 1946 na mlowezi Bob Harries, aliyekuwa na shamba karibu na Thika, na baadaye ikaenea katika maeneo ya kahawa yanayozunguka Mlima Kenya. Takribani robo tatu ya uzito wa kokwa iliyokomaa ni mafuta, ndiyo sababu inafaa kwa kazi ya mayonezi.

Kokwa ambazo hazijakomaa hazina mafuta ya kutosha na rojo yake hujitenga. Njia rahisi ya kuzitambua baada ya kubangua ni kuzitia majini: zilizokomaa huelea, changa huzama. Zilizobadilika rangi kuwa kahawia, zenye ukungu au harufu ya mafuta yaliyooza zitupwe.

Kuchemsha mbaazi

Hatua hii ndiyo inayoamua kama kijazo kitafaulu. Mbaazi kavu zichaguliwe mawe na zilizotobolewa na wadudu, zioshwe, kisha zilowekwe katika maji mengi usiku mzima. Asubuhi maji hayo yamwagwe na zichemshwe katika maji mapya.

Mji wa Embu uko takribani mita 1,350 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 au 96 hivi, wala si 100 kama ilivyo Mombasa. Kwa hiyo mapishi yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za tambarare hayafai kufuatwa kwa dakika. Mpishi wa Embu atenge saa moja hadi moja na nusu kwa mbaazi zilizolowekwa, na wa Kianjokoma au Manyatta, ambako ni juu zaidi, aongeze muda. Sufuria ya presha huondoa tofauti hiyo.

Kipimo cha uivaji ni kidole. Mbaazi ikibinywa kati ya kidole gumba na cha shahada sharti ipondeke bila kuacha kiini kigumu katikati. Chumvi itiwe mwishoni.

Wapishi wengi wa sehemu hii hutia magadi ili kuharakisha uivaji, kama wafanyavyo kwa githeri. Magadi hulainisha ganda kweli, lakini huharibu sehemu ya vitamini B1 na kuzifanya mbaazi ziwe za kuteleza. Kwa kijazo, ni afadhali kutoyatumia.

Tahadhari kuhusu maharagwe

Asiyepata mbaazi anaweza kutumia maharagwe, kama vile Rosecoco, Nyayo au Mwitemania. Hapo pana jambo la kuzingatia sana. Maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini. Mbegu nne au tano tu zisizoiva zaweza kumfanya mtu atapike na kuhara katika muda wa saa chache.

Sumu hiyo huharibiwa na mchemko mkali. Wataalamu wa usalama wa chakula hushauri maharagwe yalowekwe kwa muda usiopungua saa tano, maji yamwagwe, kisha yachemshwe yakitokota katika maji mapya kwa dakika 30 kabla ya kupunguza moto.

Moto hafifu usiofikisha mchemko ni hatari zaidi kuliko wengi wanavyodhani, kwani maharagwe yanaweza kulainika huku sumu ikiwa bado ipo. Wanaotumia kikapu cha kuhifadhi joto ili kuokoa makaa wahakikishe maharagwe yametokota kwa muda huo jikoni kwanza, ndipo sufuria iingizwe kikapuni.

Njahi nazo, ambazo ni chakula cha heshima katika eneo la Mlima Kenya, zilowekwe na maji ya mchemko wa kwanza yamwagwe. Kwa sandwichi, rangi yake nyeusi na ganda lake gumu huzifanya zisipendelewe.

Viungo

Vipimo vifuatavyo hutosha sandwichi nne hadi tano.

Mbaazi kavu gramu 200, ambazo ni kikombe kimoja cha chai kilichojaa. Makadamia zilizobanguliwa na zisizokaangwa gramu 60, yaani nusu kikombe. Maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, theluthi moja ya kikombe. Maji ya limau vijiko viwili vikubwa. Haradali kijiko kimoja kidogo. Kitunguu kimoja kidogo, pilipili mboga nusu na karoti moja ndogo, vyote vikiwa vimekatwa vipande vidogo sana. Majani ya dhania kiasi cha kiganja. Chumvi kijiko kimoja kidogo, na pilipili manga kwa kupenda. Slesi nane hadi kumi za mkate.

Namna ya kuandaa

Kwanza, mbaazi zilizoiva zichujwe na kutandazwa kwenye sinia safi hadi zipoe na kukauka juu. Mbaazi za moto hutoa mvuke unaolowesha mkate, na maji yanayobaki humaliza nguvu ya rojo.

Pili, makadamia zilowekwe katika maji ya moto kwa nusu saa, zichujwe, kisha zisagwe katika mashine pamoja na maji safi, maji ya limau, haradali na nusu ya chumvi hadi ziwe laini kama maziwa mazito ya mgando. Asiye na mashine azitwange katika kinu kidogo kilicho safi, akitia maji kidogo kidogo. Rojo ya kinu haitakuwa laini kabisa, lakini itashika.

Tatu, theluthi mbili za mbaazi zipondwe kwa uma, na theluthi iliyobaki iachwe nzima au ivunjwe kidogo tu. Mashine isitumike katika hatua hii. Ikitumika, kinachopatikana ni uji wa kupaka wala si kijazo chenye vipande.

Nne, kitunguu, pilipili mboga, karoti na dhania vichanganywe na mbaazi, kisha rojo itiwe kwa vijiko mpaka mchanganyiko ushikane bila kulegea. Uonjwe, uongezwe chumvi au limau, na uachwe mahali pa baridi kwa nusu saa ili ladha ziingiane.

Tano, kipande cha kabichi laini au saladi kitangulizwe juu ya slesi, ndipo kijazo kiwekwe. Jani hilo huzuia unyevu usiufikie mkate. Sandwichi ijazwe karibu na wakati wa kula.

Mabadiliko yanayowezekana

Mtu anayedhurika na kokwa asitumie makadamia. Parachichi moja lililoiva, likipondwa na maji ya limau, hufanya kazi hiyo hiyo. Lina mafuta machache zaidi, takribani gramu 15 kwa kila gramu 100, na hubadilika rangi kuwa kahawia likikaa hewani. Limau huchelewesha badiliko hilo ila haliliondoi, hivyo kijazo cha parachichi kiliwe siku hiyo hiyo.

Wanaotaka ladha ya bahari huongeza mwani uliokaushwa na kusagwa. Mwani hukuzwa na vikundi vya wakulima, wengi wao wanawake, katika Kaunti ya Kwale, hasa Kibuyuni karibu na Shimoni, na pia Zanzibar. Robo ya kijiko kidogo yatosha, kwa sababu mwani una chumvi na madini mengi ya iodini.

Kwa anayependelea kijazo kinachofanana na cha mayai, ndengu zilizokobolewa na kupasuliwa, ambazo ndani ni za manjano, huchukua nafasi ya mbaazi. Huiva katika nusu saa hivi na hazihitaji kulowekwa usiku mzima. Hutiwa manjano kidogo kwa rangi, na chumvi nyeusi inayouzwa katika maduka ya viungo vya Kihindi, ambayo ina harufu ya kiberiti inayokumbusha yai.

Thamani ya lishe

Mbaazi zilizochemshwa hazilingani na samaki kwa protini, na ni vyema jambo hilo lisemwe wazi. Gramu 100 za mbaazi zilizoiva zina takribani gramu 7 za protini. Kiasi hicho cha mayai kina takribani gramu 12, na jodari wa mkebe hupita gramu 19. Anayebadilisha kijazo hana budi kuijaza tofauti hiyo katika milo mingine ya siku.

Ubora wa protini hiyo huimarika inapoliwa na mkate. Ngano ina upungufu wa kirutubishi kiitwacho laisini, ambacho mbaazi inacho kwa wingi, nayo mbaazi ina upungufu wa methionini, ambayo ngano huichangia. Ni hesabu ile ile inayofanya mahindi na maharagwe ya githeri yakamilishane.

Mbaazi huwashinda samaki kwa nyuzinyuzi, ambazo samaki hana kabisa, na kwa foleti. Pia zina madini ya chuma, lakini chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida. Vitamini C ya limau na pilipili mboga husaidia ufyonzwaji huo, ilhali chai huuzuia. Kwa hivyo, desturi ya kuteremshia mkate kwa kikombe cha chai huondoa sehemu ya faida. Chai inywewe saa moja au zaidi baada ya kula.

Vitamini B12 haipatikani katika mbaazi, makadamia wala parachichi. Anayekunywa maziwa au kula mayai mara kwa mara huipata huko. Asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama anahitaji vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo au vidonge, kwa ushauri wa mhudumu wa afya. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wadogo ndio wanaodhurika zaidi na upungufu wake.

Kuhifadhi na kubeba

Kijazo hiki, kikifunikwa ndani ya friji, hudumu siku tatu. Nje ya friji mambo ni tofauti. Bakteria huzaana haraka kati ya nyuzijoto 5 na 60, na kanuni ya kawaida ni kwamba chakula kilichopikwa chenye unyevu kisikae katika hali hiyo zaidi ya saa mbili. Kukosekana kwa samaki na yai hakubadilishi kanuni hiyo.

Hapa ndipo wazazi wanapokosea. Mtoto anayetoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kula saa saba mchana amebeba chakula hicho kwa saa saba. Limau hupunguza kasi ya bakteria lakini haitoshi kuwazuia kwa muda huo, hasa katika joto la Mbeere.

Suluhu ni kuweka chupa ya maji iliyogandishwa kando ya sandwichi ndani ya mfuko uliofungwa vyema. Pasipo na friji wala barafu, mtoto apewe kijazo kikavu, kwa mfano siagi ya karanga yenye alama ya ubora ya KEBS, na kile cha mbaazi kiachwe kwa mlo wa nyumbani.

Faida kwa mkulima

Kwa miaka mingi soko kuu la mbaazi kavu za Afrika Mashariki limekuwa India. Agosti 2017 nchi hiyo iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kutoka nje, na wakulima katika mataifa kadhaa ya kanda hii wakabaki na mazao yasiyo na bei. Kikomo hicho kiliondolewa mwaka 2021, lakini hasara ilikwisha kupatikana.

Makadamia nayo iliporomoka bei mwaka 2023, wanunuzi wa ng'ambo walipopunguza maagizo. Baadhi ya wakulima waliokuwa wamezoea kuiona kama dhahabu ya mlima walianza kufikiria kuing'oa.

Mazao hayo mawili yana kasoro moja ya pamoja, kwamba bei yake hutegemea sana soko la nje. Mbaazi huonekana kuwa chakula cha ukame, na makadamia zao la dola. Familia moja ikila gramu 200 za mbaazi kwa juma, haiwezi kuondoa utegemezi wa soko la nje. Hoteli, shule na hospitali zikiziweka katika orodha za milo yao, mkulima wa Siakago atakuwa na mnunuzi wa pili asiyetegemea uamuzi unaofanywa New Delhi.